Stiki Niliyoileta Kutoka Musoma

Bhoke alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa uani napepeta mchele hapa kwangu Musoma, akaniambia baba yake ametutoka. Hakulia. Alisema mzee aliamka vizuri kule Ukerewe, akaomba maji ya kunywa, na maji yalipofika hakuwa na haja nayo tena. Kisha akaniomba jambo moja: nivuke niende mazikoni, nisimame niseme maneno mawili. "Maana wewe shangazi ndiye uliyekaaga na sisi kule kijijini. Sisi watoto hatujui baba alikuwaje wakati ule, mwenyewe hakupendaga kuiongelea." Nilimjibu kwamba miguu yangu imevimba, siwezi kupanda kivuko. Miguu yangu haikuwa na neno. Nilituma rambirambi kwa jirani aliyekuwa anakwenda, nikarudi kitandani mchana kweupe, mwanamke wa miaka sabini, nikalala nikitazama ukuta. Nimeogopa jeneza la mtu ambaye nilikula ugali wake mwaka mzima. Maneno mawili aliyoyataka Bhoke ninayo, na si mawili. Nitayaandika hapa, kwa kuwa kuyasema mbele za watu nimeshindwa tangu nikiwa na nguvu zangu.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa akina nani. Ninaanzia siku niliposhuka kwenye basi, njia panda ya Butiama, nina sanduku la bati na cheti cha kidato cha pili, nimepangiwa kuwa mtunza stoo wa kijiji cha ujamaa. Watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uliotangulia, na nyumba zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Stoo ilikuwapo, nyumba ya mtunza stoo haikuwapo. Mwenyekiti akaniweka kwa dereva wa kijiji, Magesa, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo watoto walimtania nayo naye akawaachia wayavute. Mimi nilimwita Baba Bhoke, na mkewe Mama Bhoke, kwa jina la binti yao wa kwanza, huyuhuyu aliyenipigia simu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita. Walinipa chumba cha kando. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa udongo na haukufika paani, hivyo kila lililosemwa upande wa pili lilipita juu likanifikia. Nilijua lini wana chumvi na lini hawana. Jioni tulikula pamoja, ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, mzito, na dagaa, na mara mojamoja kipande cha samaki aina ya kamongo kutoka Murangi, kando ya ziwa. Mama Bhoke alikuwa na tabia ya kunimegea tonge la kwanza na kusema, "Kula, mtoto wa watu, usije ukaenda kututangaza kwamba hapa kuna njaa." Baba Bhoke alicheka kila mara kama vile analisikia kwa mara ya kwanza.

Gari la kijiji lilikuwa pikapu lililotumika. Lilinunuliwa kwa pamba ya msimu wa kwanza kutoka kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa anahama nchi, na siku lilipofika wazee walichinja fahali. Rangi yake ilikuwa imebabuka, mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na chini ya injini lilidondosha oili. Si nyingi. Palipolala gari, asubuhi ulikuta madoa matatu manne mchangani, basi. Baba Bhoke alisema ni jasho tu, mzee yeyote anayefanya kazi hutoka jasho. Stiki ya kupimia oili haikuja na gari, ilikuwa imepotea kwa mwenye shamba. Yeye alipima kwa spoki ya baiskeli aliyoikunja upande wa juu. Aliichovya, akaitoa, akaitazama kidogo tu, kisha akawasha injini na kuinamisha kichwa kando ya boneti, amefumba macho. Akisharidhika aliongeza oili kidogo au hakuongeza kabisa. Hakujua kusoma. Gari alilifahamu kwa sikio, kama mchungaji anavyomfahamu ng'ombe wake kwa mlio.

Mimi lile jambo la spoki lilinikera. Oili ilikuwa inanunuliwa kwa kibali, na kibali kilitaka nauli ya kwenda Bunda, na kungoja kwenye benchi, na kurudi bila kibali, na kwenda tena. Kopo la oili lilikaa stoo kwangu, kwa kufuli langu. Niliona ni aibu kijiji kizima kinachoimba maendeleo kipime mali adimu namna ile kwa spoki ya baiskeli. Basi siku nilipotumwa Musoma kufuata majembe, nikapitia kwa mzee mmoja aliyeuza vyuma chakavu karibu na soko, nikamweleza ninachotaka. Akachakura kwenye pipa, akanipa stiki ndefu nyembamba, yenye alama mbili zilizochongwa, ya chini na ya juu. Nilimuuliza ni ya gari gani. Akasema, "Binti, stiki ni stiki." Nikaileta nimeifunga kwenye kanga. Ilipoingizwa kwenye tundu la injini ikaingia sawasawa, ikakaa, kichwa chake kikaziba vizuri, na watu waliokuwa wamezunguka wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kuanzia leo tunapima kitaalamu. Siku ile nilijiona nimesoma.

Kipimo cha kwanza tu, stiki ilitoka kavu. Nikamtazama Baba Bhoke kwa huruma, nikasema, "Baba, umekuwa unaendesha gari halina oili." Yeye alikunja uso. Tulimimina mpaka oili ikagusa alama ya juu, nadhani lita mbili na nusu zilikwenda, naye alisimama pembeni akishika kiuno. "Imezidi hiyo, mwanangu," aliniambia. "Sikia inavyolia. Inalia kama mtu ameshiba anakabwa." Sikusikia kitu. Niliona alama, na oili imefika kwenye alama, na mimi alama nilifundishwa kuziheshimu.

Tangu wiki ile gari likaanza kutapika. Nisingeliita tena jasho. Oili ilitoka kwenye gasketi ya juu, ikatoka kwenye sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili, ikachirizika mpaka kwenye ekseli, na moshi wa bluu ukafuata gari njia nzima ya kwenda Bunda. Kila baada ya siku tatu nilichovya stiki, ikatoka kavu, nikafungua stoo, nikamimina mpaka alama ya juu, na gari likatapika tena. Kopo lililotosha miezi miwili likawa linakwisha kwa wiki mbili. Baba Bhoke alikuja mlangoni kwa stoo, kofia mkononi, akaongea nami taratibu mno. "Sabina mwanangu, tuipunguze. Tuweke nusu ya hiyo unayowekaga. Hii gari haikuwaga hivi. Imeanza tangu hiyo kichuma yako ije." Nilihisi damu inanipanda. Kichuma changu! Nilimjibu kwamba injini isiyo na oili hufa, kila mtu anajua, na kwamba chuma hakina sababu ya kumsingizia mtu. Alivaa kofia yake, akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma," bila kejeli yoyote. Nimeyatafuta maneno yale miaka yote kama yana kejeli ndani yake. Hayana.

Msimu wa pamba ulipofika, kijiji kilikuwa kimebakiwa na kopo tupu. Marobota yalijaa kwenye uwanja wa kununulia, mengine juu ya turubai, mengi chini, kwa kuwa ghala halikuwa limeezekwa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa. Baba Bhoke akaja kuchukua ufunguo wa gari, ambao nao mwenyekiti aliamuru ukae kwangu. Nilikwenda naye, nikachovya stiki mbele yake. Kavu. Nikaifuta, nikachovya tena. Kavu kabisa. Nikamwambia gari haliondoki mpaka kibali kitoke. Alinibembeleza pale kwenye uwanja, mtu mzima, watu wanasikia. "Ipo ya kutosha, mwanangu. Wacha niwashe usikie. Safari mbili tu za kiwandani Bunda, mvua hiyo inakuja, jasho la watu hilo limelala chini." Nikauweka ufunguo kwenye pindo la kanga, nikafunga fundo. Mvua ilinyesha alasiri ile, na kesho yake, na keshokutwa. Marobota yalivimba, pamba ikaota ukungu, ikawa ya kijivu. Wanawake walikuwa wanaikamua kwa mikono kama nguo, wakilia, na walipoona haisaidii wakaiacha palepale. Ile ndiyo ilikuwa kodi, na ada, na sare za watoto, na mahari, vyote vimeoza kwenye tope. Na ndani ya injini ile, nataka ieleweke vizuri, siku ile kulikuwa na oili ya kutosha kufika Bunda, kurudi, na kwenda tena.

Kijiji kilichopoteza pamba hutafuta mtu, hakitafuti sababu. Niliyasikia maneno yakizaliwa, nje ya dirisha la stoo, kina mama wakiwa kwenye foleni ya chumvi. Mmoja alisema Magesa anamuuziaga oili mwenye mashine ya kusaga ya Murangi. Mwingine akasema ndiyo maana nyumbani kwake kamongo haikosi. Wa tatu akamalizia, "Lisemwalo lipo." Mimi, niliyekuwa nikimla kamongo yuleyule, niliyejua kwamba alitoka kwa shemeji yake mvuvi, sikutoa kichwa dirishani. Jioni nilikula tonge langu la kwanza kama kawaida. Kabla ya usingizi nilimsikia Mama Bhoke, juu ya ukuta, akimuuliza mumewe, "Kwani oili inakwendaga wapi?" na Baba Bhoke akijibu, "Inamwagika, mke wangu. Wanaiona inamwagika." Kisha yeye tena, "Unaniuliza hata wewe?"

Mkutano uliitwa siku ya Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliuliza maswali machache, na yote aliniuliza mimi. Stiki ilisema nini Jumatatu? Ilisema imejaa. Alhamisi? Kavu. Nani mwingine anagusa gari? Hakuna. Je, dereva amewahi kukushawishi uandike lita kamili lakini umimine pungufu? Nilisema hajawahi kutaja kuandika, ila ameomba mara nyingi nimimine nusu. Hapo uwanja mzima uliguna, mguno mmoja mrefu, na nikajua nimefanya nini. Baba Bhoke alisimama. Hakumtazama mwenyekiti, alinitazama mimi. "Sabina mwanangu, unakaa kwangu. Uliniona nimebeba hata kikombe kimoja cha oili?" Nilisema sijaona. Ningeishia hapo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini watu walikuwa wananitazama, na stiki ilikuwa ni stiki yangu, na kama stiki ilidanganya basi mwongo ni mimi na pamba ile imeoza kwa ajili yangu. Nikaongeza, "Lakini stiki haisemi uongo." Aliitikia kwa kichwa mara mbili tatu, kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda mahali, akakaa.

Hawakumpiga, hawakumpeleka polisi. Walimnyang'anya gari, wakampa jembe, na baada ya hapo wakamnyima kitu ambacho kwetu huwezi kuishi bila hicho. Katika nchi ile moto wa kupikia ulipojizimia, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa. Hakuna aliyenyimwa moto, hata mgomvi wako. Asubuhi moja Bhoke alitumwa na kigae, akaenda nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mahali aliambiwa moto umezimika, huku moshi unapanda juu ya paa. Alirudi akakiweka kigae chini mbele ya mama yake. Mama Bhoke alinitazama kwa kuwa nilikuwa na kiberiti cha stoo. Nilimpa. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama vile mimi ni mgeni, akasema "asante, dada", wala hakunimegea tonge tena tangu siku ile. Wiki mbili baadaye waliondoka kwa miguu kuelekea Kisorya, wavuke kwenda kwa ndugu zao Ukerewe. Baba Bhoke alikuja chumbani kwangu kuaga. Alisema nyumba nitaitunza, mchwa wapo kwenye nguzo ya nyuma. Nilitaka kulia mbele yake lakini hata hilo niliona ni kumuibia.

Dereva mpya alikuwa kijana aliyenyenyekea stiki kuliko mimi. Safari yake ya tatu, tulikwenda pamoja kufuata mbegu, gari lilianza kuteleza klachi kwenye mlima kabla ya Bunda, oili imejaa kila mahali, na trekta la kiwanda cha pamba likatuvuta mpaka kwa fundi mmoja aliyeitwa Kulwa. Kijana akaenda kula. Mimi nilibaki, nimekaa kwenye gurudumu kuukuu. Kulwa aliifungulia oili kwenye beseni, ikatoka ina povu, akashangaa wingi wake. Akaniuliza tunawekaga lita ngapi. Nikamwambia, kwa kujivuna bado, kwamba tunaweka mpaka alama ya juu, kama lita saba. Aliacha spana. "Saba? Dada, hii injini ni ya lita nne na nusu. Nimezifunguaga tangu mkoloni." Alibadilisha sili, akamimina nne na nusu kwa kopo la lita moja, akachovya stiki yangu. Ikatoka kavu. Akaitazama upande huu na upande huu, akaanza kucheka. "Hii stiki ni ya injini nyingine kabisa. Ni fupi, vidole vinne vizima haifiki. Ninyi mnaishindilia, krenki inayozunguka humo ndani inaichapa, inakosa pa kwenda, inatoboa sili. Dereva wenu wa zamani hakuwaambia?" Nilisema hakutuambia. Lilikuwa neno jepesi kutamka, na sikupanga kulitamka.

Nilimwomba anichongee alama mpya. Aliunga kipande cha chuma kwenye ncha ili ifike, akachonga alama kwa tupa, chini kabisa, na akaniagiza nimweleze dereva na wazee kilichotokea. Kijana aliporudi na mswaki mdomoni nilimwambia fundi ameweka alama bora zaidi, basi. Tulirudi. Gari likatulia. Madoa matatu manne mchangani, kama zamani, na kopo likakaa miezi miwili. Njia nzima nilikuwa nimejiambia kwamba litakapopona nitasema, maana ushahidi utakuwa umejionyesha wenyewe. Ukajionyesha. Mwenyekiti aliita mkutano, akapandisha kopo juu watu walione lilivyojaa, akasema, "Mnaona? Mwizi kaondoka, oili imebaki." Walipiga makofi na vigelegele. Waliokuwa na shaka kidogo juu ya Magesa siku ile waliacha kuwa nayo. Kisha wakanipigia makofi mimi, kwa uaminifu wangu, na nikasimama nikainamisha kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliogopa pamba. Niliogopa wale wanawake waliokamua marobota kwa mikono, wangenifanya nini wakijua ni fundo la kanga yangu lililowanyima. Nilijiambia yeye amekwishaondoka, hasikii, na mimi niko hapa. Mwisho wa mwaka nikaomba uhamisho, nikapewa barua nzuri.

Nilionana naye mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa miaka mingi baadaye, nilikuwa nimeolewa na nimezaa, nimekwenda Kisorya kununua samaki wakavu, na kivuko kilikuwa kinapakia. Mtu aliyebeba kifurushi cha mihogo aliniita kwa jina. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi, lakini alinifurahia kwa dhati, akaniuliza watoto, akaniuliza mume, akasema Mama Bhoke angefurahi kuniona. Hakuwahi kushika usukani tena, aliniambia. Huko walikokwenda maneno yalimtangulia, hakuna aliyemwamini na gari. Abiria walikuwa wanapanda. Alitua kifurushi chini, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa: "Lile gari lilikujaga kupona?"

Nilimtazama. Nikawaza kwamba nikisema lilipona, nitalazimika kusema lilivyopona. Nikasema, "Hapana, Baba Bhoke. Liliendelea kutapika vilevile mpaka likafa." Niliona uso wake unafunguka. Mabega yalimshuka, akacheka kidogo, akajifuta macho kwa kiganja. "Kwa hiyo waliona," alisema. "Waliona siyo mimi." Nikasema, "Waliona, baba. Kijiji kizima kiliona." Alisimama hivyo, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Kisha tabasamu likaanza kuondoka usoni pake, polepole, na aliponiuliza hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anataka kuelewa tu.

"Sasa mbona hamkuniita nirudi?"

Kivuko kilipiga honi. Alingoja jibu mpaka mtu wa kamba alipomfokea, ndipo akajitwika kifurushi chake akapanda, akasimama ukingoni, bado ananitazama.